Mahindi Juu ya Sakafu Nyekundu

Kosa nitakalolieleza hapa linaitwa kunyamaza. Kwa miaka mingi nililikwepa jina hilo kwa hoja zilizonyooka: sikusema uongo, kwa kuwa sikufumbua kinywa, sikuiba, kwa kuwa hakuna aliyeniona nikibeba kitu. Mtu aliyesoma hakosi hoja. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi waliopita mikononi mwangu pale Songea watakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwasimamisha mbele ya darasa kwa kunakili jibu moja la hesabu. Hawakujua kwamba aliyewasimamisha alistahili kusimama pale kabla yao.

Lakini nitamweleza kwanza yule mama, kwa sababu mtu anayetajwa kwa ajili ya kosa la mwingine tu huwa amekosewa mara mbili.

Tulimwita Mama wa Usafi. Alikuwa akisafisha kituo cha kompyuta kilichofunguliwa mjini katika miaka ile ya soko huria, wakati maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na wakati huohuo watu wazima wenye utumishi wa miaka ishirini wakirudishwa nyumbani kwa barua ya mistari mitatu. Mume wake alipata barua ya namna hiyo, akarudi kijijini kwao Umatengo, ng'ambo ya Mbinga, kushika jembe. Yeye akabaki mjini na binti yao wa mwisho aliyekuwa kidato cha pili. Kituo kilimpa kazi na chumba kimoja uani. Mtu angeweza kudhani kwamba alikuwa akifanya kazi ili apate kula. Kumbe kazi ile ilikuwa chumba, na chumba kile kilikuwa shule ya binti yake. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza nguzo ipi inashika paa.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na kompyuta sita zilizokwisha kutumiwa na wengine huko zilikotoka, na chini yake sakafu ya saruji nyekundu ambayo fundi aliichora miraba kwa kamba kabla haijakauka. Sakafu ile ilikuwa milki ya Mama wa Usafi. Alipiga deki kuanzia dirishani kuja mlangoni, mraba kwa mraba, na sikuwahi kumwona akikanyaga mahali alipokwisha kulowesha. Siku moja mkuu wa kituo alitaka kupita kabla sakafu haijakauka. Mama wa Usafi akalaza ufagio mlangoni.

"Mama, mimi nina haraka."

"Bwana mkuu, sakafu haina habari na haraka yako. Ukiteleza ukavunjika, nitaambiwa nimekuvunja mimi."

Mkuu, ambaye wafanyakazi wengine walimwogopa hata akikohoa, alisimama nje na mkoba wake mpaka aliporuhusiwa.

Sisi wanafunzi wa kituo alitujua kwa uchafu wetu. Mwenzangu wa darasani, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu wa mizaha mingi, alizoea kumchokoza: "Mama, leo umepata nini chini ya kiti changu? Kama ni rubi, tugawane." Naye humjibu: "Rubi zenu mnauziana hukohuko Tunduru. Huku unatuletea mchanga tu. Huyu Mwalimu ana nafuu, analeta chaki." Nilicheka pamoja nao. Sikuona kwamba mtu anayesoma vumbi kwa namna hiyo anaweza kusoma na mengine.

Alikuwa mtu wa mambo yaliyopingana. Hakukosa misa ya asubuhi, lakini akirudi huyabishia mahubiri hoja kwa hoja, huku akikamua dekio. Alikuwa mkarimu wa chakula kiasi cha kuaibisha, lakini ole wake aliyegusa ufagio wake. Aliziogopa kompyuta, hakuwahi kugusa kibodi hata kwa kitambaa, akisema kioo kile kinamkodolea macho bila kupepesa. Hata hivyo kila jioni alizifunika kwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe, huku akivirekebisha pembe zake kama mtu anayemfunika mtoto. Alichukia uongo, lakini binti yake aliniambia kwamba nyumbani alijisifu: "Leo wasomi wamenishinda kidogo tu." Na alisoma. Alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni ya enzi zile, na hakuna karatasi iliyotoka katika kapu la taka kwenda kuchomwa bila kupita kwanza mbele ya macho yake. Nami nilikuwa mtupaji mkubwa wa karatasi.

Kuhusu salamu lazima niseme jambo. Alinizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, na nilimpa shikamoo yake kila asubuhi, lakini niliitoa nikiwa natembea. Aliipokea akiwa amesimama, ameacha kazi, na mikono imetulia. Hivyo marahaba yake daima ilinikuta nimekwisha kumpa kisogo.

Sasa nifikie fumbo lililozaa kosa langu. Waliokuwa wakiendesha mafunzo kutoka Dar es Salaam walileta shindano kwa ajili ya wanafunzi wa vituo vya mikoani. Mshindi angepelekwa kusoma mwaka mzima, kisha arudi kuwa mkufunzi wa kituo chake. Sharti lilikuwa moja: kazi iwe ya mshiriki peke yake, bila msaada wa mtu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye suruali mbili. Niliitaka nafasi ile kwa uchu ambao hadi leo sipendi kuukumbuka.

Fumbo lilikuwa hivi. Kuna shamba la miraba kumi kwa kumi. Kibarua anaanzia kona moja, ametazama juu. Anapewa mfululizo wa herufi: M, aende mraba mmoja mbele, K, ageuke kulia, S, ageuke kushoto. Baadhi ya miraba ina mawe. Akikuta jiwe mbele yake, au akifika ukingoni, anabaki alipo na kungoja herufi inayofuata. Andika programu itakayosema kibarua amemalizia wapi, na kwa jumla amekanyaga miraba mingapi. Waliambatisha mfano mmoja na jibu lake: kibarua amalizie karibu na kona ya juu, miraba kumi na saba.

Kibarua wangu aliishia upande mwingine kabisa wa shamba, na miraba ishirini na nne. Nilirekebisha, akaishia kwingine. Kwa wiki mbili nilichora mashamba na kuyatupa kapuni. Jambo lililonitesa ni kwamba hatua za mwanzo zilikuwa sahihi kila mara; upotevu ulianzia katikati, bila sababu niliyoweza kuiona.

Alasiri moja umeme ulikatika kama ilivyokuwa kawaida yake. Wengine waliondoka. Nilibaki na penseli, na Mama wa Usafi alikuwa akinisubiri niinue miguu.

"Mwalimu, vishamba vyako nimeviona kapuni."

"Ni hesabu, Mama. Ni mambo ya kompyuta."

"Nimeona. Huyu mtu wako analima ngoro."

Msomaji asiyefika Umatengo aelewe kwamba kule milima ni mikali, na wakulima wake wana namna yao ya kulima isiyoacha udongo uende na mvua. Hukata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, safu kwa safu. Shimo hilo ndilo ngoro, na kazi ya kuchimba ni ya wanawake. Yeye alianza akiwa binti mdogo.

Nilimweleza sheria za fumbo kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauegemeza ufagio ukutani, akasimama katika mraba wa kona ya sakafu yake.

"Nisomee herufi zako."

Nilimsomea. Alikwenda, aligeuka, alikwenda tena. Kiti kilikuwa jiwe, ndoo ilikuwa jiwe. Baada ya hatua kadhaa alikuwa akishuka kuja upande wangu, na nikasoma K. Aligeuka.

"Mama, hapo umekosea. Kulia ni kule, upande wa dirisha."

"Kulia kwa nani?"

"Kulia. Kwenye karatasi, kulia ni huku."

"Huko ni kulia kwako wewe uliyekaa. Anayetembea ni mimi." Aliinua mkono wake wa kulia, akautikisa. "Nikipanda mlima kwetu, mto uko kulia kwangu. Nikishuka, mto uleule uko kushoto. Mto haujahama, Mwalimu. Wewe unamwagiza kibarua, lakini hujasimama mahali pake."

Hilo ndilo lilikuwa kosa: katika programu yangu K ilikuwa daima upande mmoja wa skrini, upande wa kulia wa mtu aliyeketi. Kibarua alipotazama juu, tulikubaliana. Alipoanza kushuka, nilimpeleka nisikotaka mwenyewe.

Tulirudia tangu mwanzo. Safari hii alifungua pindo la khanga, ambamo alikuwa amefunga mbegu ya mahindi aliyoichagua punje kwa punje ili ampelekee mume wake, na kila mraba aliokanyaga aliweka punje moja. Alimalizia karibu na kona ya juu, mahali hasa paliposemwa na mfano. Mimi nilikuwa nikihesabu hatua.

"Ishirini na mbili," nikasema. "Bado si kumi na saba."

"Hesabu mahindi."

Nilihesabu. Kumi na saba. Alipopita mraba wenye punje hakuongeza nyingine. "Shimo likishachimbwa limechimbwa," alisema. "Ukilipita mara tatu si mashimo matatu. Mwanamke akihesabu hivyo atamdanganya mumewe, lakini njaa hataidanganya."

Wakati huohuo umeme ukarudi. Niliruka kwenye kompyuta. Aliinama kuokota mbegu yake, nikamwambia, na maneno haya nayajua kwa moyo: "Acha hivyohivyo, Mama, nataka kuitazama wakati naandika. Nitaokota mwenyewe."

"Utaokota kweli?"

"Nitaokota."

Alikwenda kumpikia binti yake. Niliandika mpaka jua lilipoanza kushuka: kibarua akapewa uelekeo wake mwenyewe, na kila mraba ukapewa alama inayowekwa mara moja tu. Programu ikatoa kumi na saba. Niliinuka kwa furaha, nikaona punje zimetapakaa, na badala ya kuinama nikazisukuma kwa kiatu chini ya meza ya kompyuta. Mahali pale tu, kwa ajili ya nyaya, ndipo Mama alipokatazwa kupitisha maji au ufagio. Nililijua katazo hilo.

Asubuhi aliulizia mbegu yake. Nilimwambia kwamba ilikanyagwa na kwamba niliitupa. "Haya," alisema, na hakuitaja tena. Nilituma jibu kwa basi la Dar es Salaam, na chini ya sharti lile moja nikatia sahihi.

Siku tatu baadaye panya walikuwa wametafuna nyaya mbili. Mkuu wa kituo alipiga magoti, akamulika kwa tochi, akatoka na punje za mahindi kiganjani. Alituita wote.

"Nani analeta chakula humu? Nimesema mara ngapi?"

Mtu wa Tunduru akajaribu mzaha: "Bwana mkuu, labda kompyuta zimeanza kuzaa." Hakuna aliyecheka.

"Mama, katika watu wote hapa ni wewe unayetembea na mahindi pindoni. Haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Yamefikaje chini ya meza?"

Alinigeukia. Sikumtazama; niliielekeza sura yangu kwenye skrini iliyokuwa mbele yangu, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kusoma. Ilikuwa imezimwa. Ndani ya kioo kile cheusi nilimwona nyuma yangu, mdogo, mikono imetulia kama alivyokuwa akiipokea salamu, akinisubiri. Sentensi moja tu ilihitajika. Niliipima: nikisema mahindi yalifikaje sakafuni, nitasema pia yalikuwa yakifanya nini. Nafasi yangu ingekwisha hapohapo.

Alisubiri kwa muda ambao padre angeweza kumaliza Baba Yetu. Kisha akasema, "Basi, bwana mkuu," akaenda kuuegemeza ufagio mahali pake. Mwisho wa mwezi chumba cha uani kilikuwa kitupu.

Nilishinda. Katika hafla niliulizwa nililipataje jibu, nikasimama na suti ya kuazima, nikasema: "Nilijifunza kusimama mahali pa kibarua." Walipiga makofi. Mkuu wa kituo aliniambia hayo ni maneno ya mwanafalsafa. Baadaye niliyarudia kwa wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, na ukali wangu dhidi ya wanaonakili ulizidi kadiri maneno yale yalivyokuwa yakipendwa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, na nilikwenda kwa makusudi, miaka kumi na miwili ilipokuwa imepita. Mtu wa Tunduru, ambaye sasa alikuwa na magari ya mizigo, aliniambia amemkuta Mbinga sokoni, akanielekeza kijiji. Ilikuwa Machi. Nilimkuta mteremkoni, ameinama ndani ya ngoro, akifukia nyasi.

"Shikamoo, Mama." Safari hii nilikuwa nimesimama.

"Marahaba, Mwalimu wa chaki." Hakuinuka. "Umenenepa. Lakini mwendo ni uleule, unatazama mbali. Umekanyaga tuta langu."

Nilishuka kwenye tuta. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, tangu Songea, maneno yenye vishazi vizuri. Nilisema tu, "Mama, yale mahindi."

"Yalikuwa yangu. Nilisema hivyo, na ilikuwa kweli."

"Mimi ndiye niliyeyasukuma chini ya meza."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Hapo aliinuka, akaegemea jembe. "Ningesema mimi, mfagiaji, kwamba nimemfundisha Mwalimu hesabu? Wangeniongezea na kosa la kichaa. Neno lile lilikuwa lako. Nilikuachia nafasi ulitoe."

Nilimwuliza habari za binti. "Aliishia kidato cha pili," alijibu. "Ana nyumba yake kule ng'ambo, ana watoto. Anahesabu vizuri." Sauti yake haikubadilika, nami ningependelea anitukane.

"Nisamehe, Mama."

"La kukusamehe ni langu na Mungu, tutalimaliza sisi wawili. Lakini wewe hukunyamaza mbele yangu peke yangu. Ulinyamaza mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

"Nitasema."

"Utasemaje? Utasema ni Mama wa Usafi? Songea mama wa usafi ni wengi."

Nilifumbua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na hoja. Nilikaa naye karibu mwaka mzima chini ya paa moja. Nilikula chakula chake. Nilichukua kutoka kwake jibu, kazi, na msemo uliokuwa umenijengea heshima. Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Alinitazama mpaka alipohakikisha nimelielewa hilo, kisha akanipa jembe.

"Chimba hili. Ukimaliza nitakuambia."

Nilivua koti, nikachimba ngoro moja kwa saa nzima, viganja vikachubuka. Mara mbili aliniambia nimegeukia upande usiofaa, ninautupa udongo kwenye tuta lililokwisha kufukiwa. Nilipomaliza alilikagua shimo, akarekebisha pembe moja kwa mguu, akanitajia jina lake la ubatizo na la ukoo, polepole, kama mwalimu anayemsomea imla mwanafunzi mzito. Akanitaka nilirudie. Nililirudia pale mteremkoni, likasikika.

Kutoka pale mpaka kwenye ukurasa huu imepita tena miaka ambayo sina namna ya kuitetea. Cheti cha ushindi kingali ukutani kwangu, na jina lililoandikwa juu yake ni langu. Aliyelipata lile jibu, kwa miguu yake na kwa mbegu ya shamba lake, anaitwa Eufrasia Kinunda.